Friji Ilipita Wapi?

Mtu akipiga simu ya dharura kutoka vilima vya Valparaíso, swali la kwanza si anaumwa nini. Swali la kwanza ni mlango uko wapi. Nimefanya kazi ya gari la wagonjwa miaka kumi na mmoja, na nakwambia, nimewahi kumfikia mgonjwa wa moyo kwa kupitia dirisha la choo la jirani yake. Namba za nyumba kule juu ni kama zilipangwa na mlevi: baada ya arobaini na mbili inafuata saba, kisha nyumba isiyo na namba, kisha ngazi.

Kwa hiyo tarehe kumi na nane Septemba, sikukuu ya taifa, saa saba kasorobo mchana, sauti ya kituoni iliposema kwenye redio ya upepo, "Yasna, kuna mzee kavunjika mguu kilima cha Las Tencas, nyumba ya manjano, yenye mbwa," mimi na dereva wangu Rosamel tulitazamana tu.

"Nyumba za manjano kule ziko thelathini," alisema Rosamel.

"Na mbwa?"

"Mia tatu."

Rosamel ana miaka hamsini na minane, na tumbo ambalo yeye mwenyewe huliita abiria. Aliegesha gari pale lami inapokoma. Bahati yetu, mwanamke mmoja mfupi alikuwa amesimama juu ya ukuta akipunga taulo la jikoni. Ndiye aliyepiga simu: Bi Hortensia Quilodrán, jirani wa mgonjwa.

"Mmechelewa!" Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho.

"Bibi, tumetumia dakika tisa," nikamwambia.

"Tisa kwako. Clodomiro ameshatubu dhambi zake zote, na alipomaliza zake akaanza kutubu zangu, kwa sauti, watu wakisikia."

Tulibeba begi, mabanzi ya kufungia mifupa na machela, tukamfuata. Ngazi mia na sitini na nne kuteremka. Najua idadi kwa sababu Rosamel alizihesabu, na kila alipofika kumi alimtaja mtakatifu mmoja. Kuteremka hakumwogopeshi mtu, lakini mtu wa kazi yetu anaposhuka ngazi, kichwani huwa anapanda na mzigo. Hapa kona imebana. Hapa kidato kimeng'oka. Hapa kamba ya kuanikia nguo itatunyonga.

Uani tulikuta watu kama ishirini waliovalia nguo za sikukuu, na kila mmoja na dawa yake. Mmoja alitaka mguu upakwe siki. Mwingine alitaka uvutwe "mpaka ulie ko!" Mbwa, mdogo kuliko kiatu changu, alikwisha kuuma suruali ya Rosamel na kuning'inia. Nimejifunza kwamba umati haufukuzwi, hupewa kazi. Nikaanza kugawa.

"Wewe, kaka, shika mbwa. Wewe dada, niletee vidonge vyote anavyokunywa mzee, vyote, hata vile anavyovificha. Wewe uliyeshika siki, panda juu barabarani ukalinde gari, mtu asituzibie njia. Na nani kampa huyu glasi ya chicha, pombe ya zabibu?"

Glasi ikapotea nyuma ya gauni la mtu.

"Amekunywa kiasi gani?"

Watu wakatazama mawingu.

"Kuanzia sasa hali wala hanywi, hata maji. Huenda akapasuliwa."

"Kupasuliwa!" alinguruma mgonjwa. "Binti, mimi saa kumi nacheza."

Mzee Clodomiro Arancibia alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, mpana kama magunia mawili ya ngano yaliyowekwa bega kwa bega. Kilo mia na kumi na nane, alinitajia mwenyewe kwa fahari. Alikuwa na kofia nyeusi ya ukingo bapa, koti fupi, mshipi mwekundu kiunoni, na mabuti meusi ya ngozi yaliyofika magotini. Yeye na mkewe, Bi Eduvigis, walikuwa wamejiandikisha kwenye mashindano ya cueca, ile ngoma yetu ya leso na vishindo vya miguu, katika banda la sherehe la kilima. Sasa, ua wao ni wa udongo, na udongo haulii. Mzee akataka kusikia vishindo vyake. Akapanda juu ya mfuniko wa mbao wa birika la kufulia.

"Kishindo cha kwanza kililia vizuri," alinieleza.

"Cha pili vizuri zaidi," akasema Bi Eduvigis, mwembamba, ndani ya gauni la maua, leso bado mkononi. "Cha tatu kilisikika mpaka bandarini."

Ubao ulipasuka, mguu wa kulia ukazama, mwili ukaangukia upande wa pili. Majirani walishamtoa. Nilipiga magoti, nikampima presha, nikamkagua kichwa, shingo, mbavu na nyonga. Alikuwa mzima, ila chini ya goti la kulia buti lilikuwa limepinda mahali ambapo mguu wa binadamu haupindi.

"Mzee, chezesha vidole."

"Navichezesha."

"Unavisikia?"

Akafikiri. Kwa mara ya kwanza uso wake ukapoteza mzaha. "Vinakufa ganzi, binti. Kama si vyangu."

Hapo ndipo penye kazi. Mguu ukivunjika huvimba, na ngozi ya buti haivimbi pamoja nao. Damu inakosa njia ya kwenda unyayoni. Nilihitaji kuuona unyayo, kuugusa, kutafuta mapigo juu yake. Nikaita kituoni. Daktari wa zamu alinisikiliza, akaniruhusu kumchoma sindano ya kupunguza maumivu, akaniambia kwamba gari lenye muuguzi lilikuwa kwenye ajali upande wa pili wa mji. "Buti litoke sasa hivi, Yasna. Usilivute."

Lisipovutwa, hukatwa. Nikamchoma sindano, nikachomoa mkasi wangu kiunoni. Mkasi ule unakata mkanda wa gari, jaketi la pikipiki, chochote.

Mzee Clodomiro akaweka mkono wake mkubwa juu ya buti. "Hapana."

"Mzee..."

"Nimesema hapana. Nikate suruali, nikate koti, ukitaka nikate na masharubu. Hili buti nilioa nalo."

"Ni kweli," alisema mkewe. "Miaka arobaini na tisa. Mguu wenyewe ameutunza kidogo kuliko hilo buti."

Mgonjwa mwenye akili timamu akisema hapana, ni hapana. Tulifundishwa hivyo siku ya kwanza. Hatukufundishwa la kufanya wakati mtu huyo anasema hapana huku unyayo wake unapoa. Niliwahi kukata jezi ya mchezaji mmoja iliyosainiwa na timu nzima. Alipona, na hadi leo akiniona sokoni hubadili upande wa barabara. Najua watu hushikilia nini. Lakini pia nimeona unyayo uliocheleweshwa, na rangi yake sitaisahau.

Nikainama nikamwangalia machoni. "Mzee Clodomiro, nisikilize, sikutanii. Mguu huu una muda, na muda wenyewe si mrefu. Nakupa dakika mbili unipe njia nyingine. Ukikosa, nitakuuliza tena, na safari hiyo nataka unijibu kama mtu anayetaka kutembea mwakani."

Alimtazama mkewe. Bi Eduvigis hakumtazama yeye. Alikuwa akitazama uzio wa mbao upande wa kushoto, na ghafla akapaza sauti ambayo sikuitarajia katika kifua chembamba vile.

"Galvarino! Najua uko hapo! Naona kofia yako!"

Nyuma ya uzio kofia ikashuka, kisha ikapanda tena taratibu.

"Nilikuwa namwagilia nyanya," ilisema sauti.

"Septemba hakuna nyanya! Njoo na visu vyako!"

Bi Hortensia aliniinamia sikioni. Huyo alikuwa Galvarino Basualto, fundi viatu. Ndiye aliyeyashona mabuti yale, enzi za ujana wao. Miaka minne iliyopita alikuwa mmoja wa waamuzi wa mashindano, na mbele ya kilima kizima akasema Clodomiro huchelewa kugeuka kushoto. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, na nyumba zao zimeachana hatua kumi na mbili.

Alikuja, mrefu, mkavu, na kijimkoba cha ngozi kwapani. Hakumsalimu mgonjwa. Alinisalimu mimi.

"Shikamoo sikuombi," alisema Clodomiro akiangalia pembeni, "lakini angalau vua kofia. Kuna mgonjwa."

"Mgonjwa namwona. Mchezaji ndiye nisiyemwona."

"Wazee wangu," nikasema, "mtatukanana baadaye. Fundi, unaweza kulifungua bila kulikata?"

Alipiga magoti upande wa pili wa mguu. Alipitisha kidole gumba nyuma ya buti, kutoka juu kwenda kisiginoni. "Mshono uko hapa. Uzi wa katani, nta ya nyuki. Nikifumua mshono wa nyuma wote, litafunguka kama ganda la haragwe. Na mtu yeyote mwenye mikono anaweza kulishona tena." Akafungua kijimkoba. "Mtu mwenye mikono, yaani mimi."

"Dakika ngapi?"

"Ukiushika mguu usitikisike, tatu."

Nilimtazama mzee. Aliitikia kwa kichwa, akaondoa mkono wake juu ya buti.

Nikaushika mguu kwa mikono miwili, mmoja chini ya goti na mwingine kifundoni, nikauzuia usicheze hata unywele. Rosamel akashika mabega. Galvarino akaanza kufumua kwa kisu chembamba, mshono baada ya mshono, kri! kri! kri! Jasho likamtiririka puani na kunidondokea mkononi. Ua mzima ulisogea kuchungulia, hata mbwa. Clodomiro aliuma mshipi wake mwekundu.

"Unanitekenya," alisema katikati ya meno.

"Nyamaza. Nikikosea nitakutoboa, na watu watasema nimefanya makusudi."

"Mimi nitakuwa wa kwanza kusema."

Mshono wa mwisho ulikatika, ngozi ikafunguka. Nikakata soksi kwa mkasi, hiyo hakuna aliyeitetea. Unyayo ulikuwa mweupe kama unga, baridi. Nikaweka vidole viwili juu yake, nikangoja. Hakuna kitu. Nikasogeza vidole kidogo, nikafumba macho. Moyo wangu mwenyewe ulipiga kwa kelele hata nikaogopa nisije nikauhesabu huo. Kisha nikausikia mpigo. Mdogo, wa mbali, lakini wake: tik, tik, tik.

"Upo," nikasema.

Rosamel akashusha pumzi ambayo nadhani aliibana tangu barabarani. Baada ya dakika chache rangi ikaanza kurudi, kwanza kisiginoni, kisha vidoleni.

"Sasa vinachoma kama moto!" alilalamika Clodomiro.

"Asante Mungu," nikamjibu. "Lalamika upendavyo."

Tulimfunga banzi kutoka juu ya goti hadi unyayoni, tukaacha vidole wazi ili niendelee kuvitazama. Mguu ukawa salama. Lakini sasa nilikuwa na kilo mia na kumi na nane uani, na ngazi mia na sitini na nne kichwani.

"Kupanda haiwezekani," alisema Rosamel. Alikuwa amekwenda kupima kona ile iliyobana. "Machela haigeuki pale. Nimepima kwa abiria wangu. Yeye mwenyewe amepita kwa taabu."

"Tuite zimamoto?"

"Leo? Wako uwanjani kwenye gwaride. Nusu saa, labda zaidi."

Nusu saa si maafa, lakini sikutaka kumkalisha mzee yule udongoni nusu saa nyingine na mguu ule. Nilitazama huku na huku. Ukuta. Uzio. Jikoni la Bi Hortensia, mlango wazi, na ndani yake kitu kikubwa, cheupe, kinachong'aa.

"Bi Hortensia, friji ile umeinunua lini?"

"Krismasi. Milango miwili. Inatengeneza barafu yenyewe. Kwani unataka barafu?"

"Nataka kujua ilipita wapi."

Swali hilo ndilo ninalowafundisha wote wanaoanza kazi hii kwenye vilima. Usiulize mtu anapita wapi, maana watakuonyesha njia wanayopita wao, wenye miguu na adabu ya kujikunja. Uliza friji ilipita wapi. Ilipopita friji, mgonjwa anapita.

Bi Hortensia akajikuna. "Ilitoka chini, kwenye kichochoro anakoingia muuza matunda na gari lake. Ikapanda ngazi thelathini, pana, ikapita..." Akasita. "Ikapita uani kwa Galvarino. Juu ya banda la kuku. Kwa sababu geti lake..."

Wote wakamgeukia fundi viatu. Kati ya ua wa Clodomiro na wake kulikuwa na geti pana la mbao, na geti lile lilipigiliwa misumari juu hadi chini.

"Misumari kumi na minne," alisema Galvarino, kama mtu anayetaja umri wake. "Niliipigilia mwenyewe."

"Nilikusikia," alisema Clodomiro. "Kila mmoja."

Galvarino aliruka uzio kwa namna ambayo mtu wa miaka sabini na tatu hatakiwi kuruka, na nikajikuta nikiomba asije akawa mgonjwa wa pili. Akarudi na nyundo yenye makucha. Misumari ililia ikitoka. Ulipong'oka wa kumi na nne, watu wakapiga makofi, naye akaona haya akaanza kufoka kwamba mtu yeyote atakayekanyaga vitunguu vyake atamjua yeye ni nani.

Nikachagua wabebaji sita, wa kimo kinacholingana, warefu zaidi wakae mbele kwa sababu tulikuwa tunateremka, miguu ya mgonjwa ikitangulia na kichwa kikiwa juu. Nikamfunga mikanda mitatu.

"Anayetoa amri hapa ni mimi peke yangu," nikawaambia. "Nikisema simama, mnasimama. Mtu akichoka anasema 'nimechoka', hasemi 'bado niko sawa' halafu akaachia. Ushujaa umenivunjia wagonjwa wengi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mkuu!"

Tukaenda. Geti, vitunguu, banda la kuku, ngazi pana. Kila hatua kumi tulipumzika nami nikagusa vidole vya mzee. Kuku walitukimbilia. Mzee Clodomiro, sindano ikiwa imemkolea, alianza kuwasalimu watu madirishani kama askofu.

"Habari za sikukuu, Bi Zunilda! Ndiyo, ni mguu! Hapana, sikuanguka, ni birika lililoanguka!"

Rosamel alikuwa amezunguka na gari, akalirudisha kinyumenyume kichochoroni mpaka mlango wa nyuma ukatutazama. Tulipomweka mzee ndani, swali la mwisho likafika, lile linalovunja ndoa na undugu: nani anapanda naye? Nafasi ni ya mtu mmoja.

"Mimi, nani tena?" alisema Bi Eduvigis, mguu mmoja tayari ndani.

"Shuka," alisema mumewe. "Saa kumi unacheza."

"Nicheze na nani, na ufagio?"

"Cheza na Hortensia. Anajua hatua zote, kazi yake kutuchungulia."

"Nachungulia kwa sababu mnachelewa kugeuka kushoto," alisema Bi Hortensia.

Bi Eduvigis akacheka kwa kuguna, kisha akaziba mdomo kwa leso, lakini alikuwa amechelewa. Clodomiro aliinua kichwa. "Hata wewe?"

"Miaka arobaini na tisa, Clodo. Huchelewa. Nami hungoja. Nani alikwambia inanisumbua?"

Akanigeukia mimi, uso wake sasa hauna kicheko. "Niambie ukweli, mwanangu. Nikimwacha, nitajuta?"

Hilo si swali la banzi wala la presha, lakini huulizwa kila wiki. "Presha yake nzuri, mguu una damu," nikamwambia. "Atapigwa picha, atangoja daktari wa mifupa, na wewe utakaa kwenye benchi mlangoni masaa matatu. Angekuwa wangu, ningecheza. Halafu ningekuja saa kumi na mbili na nguo zake za kulalia, miwani, na chaja ya simu."

Alimbusu mumewe kipajini, akamtia kopo la biskuti lenye vidonge vyake mkononi mwangu, akashuka. Nilikuwa nafunga mlango, mkono mrefu mkavu ukauzuia.

"Nafasi iko wazi?" aliuliza Galvarino. "Lazima nione kama kisu changu hakikugusa nyama. Sitaki maneno."

Clodomiro alitazama dari ya gari. "Apande. Lakini asiguse kitu."

Njia nzima walibishana kama uzi wa katani ni bora kuliko wa nailoni. Pale mapokezi, karani alimuuliza Galvarino yeye ni nani kwa mgonjwa, naye akaanza kutafuta jibu ndani ya kijimkoba chake. Clodomiro akajibu kutoka machelani: "Andika ni fundi wangu." Karani akaandika.

Mfupa ulikuwa umevunjika mahali pawili. Walimwekea chuma, na unyayo ulipona wote, kila kidole. Bi Eduvigis na Bi Hortensia walipata nafasi ya tatu na chupa ya chicha, ambayo hawakuifikisha nyumbani.

Januari, siku yangu ya mapumziko, nilialikwa kula mahindi mapya pale uani. Mzee alikuwa akitembea kwa mkongojo. Yeye na Galvarino walikuwa wameliinamia tikiti maji moja, mmoja akiligonga huku, mwingine kule, wakigombana kama limeiva.

"Limeiva, sikia linavyolia!"

"Masikio yako yaliwahi kusikia nini, wewe?"

Bi Hortensia alinisogezea kiti, akaketi kando yangu akijipepea.

"Unaona ulichotufanyia?" alisema. "Walipokuwa wamenuniana, mtaa huu ulikuwa na amani. Sasa hata mchana mtu halali."